Mafundi wa taa za magari Grogan, ukuta kung'aa si kuona barabara! Nililipa mara mbili na bado nilibaki kipofu usiku

Wadau, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu, leo naitoa.

Nina Probox ya kazi. Nabeba mboga kutoka Limuru hadi South B, kwa hivyo saa kumi alfajiri mimi niko njiani. Taa zake za halojeni zilikuwa zimefifia, nikaenda duka moja la vipuri Grogan, hapa Nairobi, nikaeleza shida yangu kwa maneno mawili: sioni mbali. Kijana wa kaunta akanitolea balbu za LED, boksi limeandikwa wati 200, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000. Shilingi 4,500, kufungiwa bure. Zikafungwa kwa dakika kumi, mchana kweupe, gari likitazama ukuta ulio hatua mbili tu mbele yake. Ukuta ukawa mweupe pe. "Umeona, mkubwa?" Nikaona, nikalipa.

Alfajiri iliyofuata niko Southern Bypass, kile kipande cha msitu wa Ngong. Matawi ya miti juu yananing'aria kuliko lami! Mbele ya boneti kuna dimbwi la mwanga mkali, na baada ya hapo giza tororo. Kila gari linalokuja linanipigia fulu, ule mwanga wa juu, na mimi niko kwenye dimu, mwanga wa chini. Kisha ghafla, mtu na mkokoteni wake. Sikumwona hadi alipokuwa karibu kiasi cha kuona soli ya kiatu chake imebanduka. Nilikanyaga breki hadi makreti yakanifuata mgongoni. Mzee yule aligeuka, akafunika macho kwa mkono. Hakuweza hata kujua gari liko upande gani, kwa sababu taa zangu zilikuwa zimempofusha.

Nikarudi dukani. Jibu? "Hujazoea LED." Wakaniuzia nyingine "kali zaidi", shilingi 6,000, mwanga wenye ubuluu. Hizo zilinimaliza kabisa kwenye ukungu wa Kimende. Mwanga wote ulinirudia usoni kama shuka nyeupe iliyotundikwa mbele ya kioo.

Hapo ndipo niliamua kufungua taa mwenyewe, na nilichokiona ndicho kimenifanya niandike.

Chukueni balbu ya kawaida ya H4 muitazame vizuri. Ndani kuna nyuzi mbili, ya dimu wati 55 na ya fulu wati 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kazi yote! Kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya riflekta, ile sahani ya ndani inayoakisi mwanga, maana nusu hiyo ndiyo inayourusha juu machoni mwa watu. Ukingo wake mmoja umeinamishwa kwa pembe ya digrii 15 ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, pale kando ya barabara wanapopita watu wa miguu na mikokoteni. Gari langu limetoka Japani, nako wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo taa ilifika hapa ikiwa sawasawa. Aliyeiharibu ni fundi.

Balbu aliyoniwekea upande wa kushoto, kola yake, ile pete ya kuishikilia, ilikuwa imezungushwa, kikombe chake kinatazama pembeni badala ya kukaa chini. Aliilazimisha iingie tu! Niliirudisha mahali pake, lakini bado mwanga ulitawanyika, kwa sababu chipu za LED hizo zimebandikwa kwenye bamba nene na hazikai pale uzi ulipokuwa. Riflekta imechongwa kwa milimita. Ukihamisha chanzo cha mwanga, hata ukiwa mkali kiasi gani, hauendi unakotakiwa.

Na hizo wati 200 ni uongo mtupu. Wati 200 kwa volti 12 ni karibu ampea 17 kwa balbu moja. Fyuzi yangu ni ya ampea 15, ingekatika siku ile ile. Niliweka mita: ampea 1.8. Hizo ni kama wati 23! Na halojeni halisi ya H4 hutoa lumeni kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, basi hizo 20,000 zilitoka wapi?

Linaloniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyepima chochote kabla ya kuniuzia. Nilirudisha halojeni, nikawasha injini, nikapima. Kwenye betri volti 14.1, kwenye soketi ya balbu 12.3. Waya zimezeeka, swichi imechoka. Halojeni ikipungukiwa volti kiasi hicho, hupoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake. Halafu kioo cha taa kilikuwa cha manjano kwa jua. Nikanunua rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) na waya nene kutoka betri moja kwa moja, nikasugua kioo kwa msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, nikapaka klia, rangi angavu ya kuzuia jua. Yote hayo hayakufika shilingi 3,000.

Usiku nikaegesha mita 10 kutoka ukuta wa kanisa, nikabandika utepe kwenye kimo cha katikati ya taa, nikashusha taa kwa bisibisi hadi ukingo wa mwanga ukakaa sentimita 10 chini ya utepe. Sasa naona vigingi vya kando ya barabara mbali kabisa, na hakuna anayenipigia fulu.

Sipingi LED. Anayetaka mwanga zaidi afungiwe projekta, taa ya lenzi yenye kikingio chake ndani, ipangwe kwa kupima ukutani, alipe pesa ya kazi hiyo. Lakini kuchomeka balbu ya boksi kwenye riflekta ya halojeni na kumwachia mtu aende nayo barabara ya Mai Mahiu usiku, huo ni unyama.

Jumamosi narudi Grogan na balbu zote nne na risiti zangu mbili. Sitaki kubadilishiwa, nataka shilingi 10,500 zangu. Aliyefungiwa taa za namna hii aandike hapa alichoambiwa dukani. Na kama unamjua fundi Nairobi anayepanga taa kwa kipimo, usiku, bila kuharakishwa, mtaje pamoja na mtaa wake tumpelekee kazi.