Dereva mpya anataka kwenda Morogoro peke yake, nimpimeje?

Nkuhungu_Juu: Wakuu habari. Mdogo wangu ana leseni daraja D, hapa Dodoma mjini anaendesha bila shida, hata Majengo sokoni anapaki vizuri. Sasa anataka kupeleka Toyota IST ya automatiki Morogoro, peke yake. Nimpe ufunguo?

SemiLaKati: Bado. Mpime kwanza kwenye kuovateki. Semi, yaani lori lenye trela, lina mita kama 18 na linatembea kilomita 80 kwa saa. Mdogo wako akiwa 100 analizidi mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Weka na nafasi ya nyuma na ya mbele, ni sekunde 12 hivi yuko upande usio wake. Hapo ameshakula mita 330, na anayekuja naye akiwa 100 amekula 330 zake. Kwa hiyo aone barabara tupu karibu mita 700, si "naona kama panatosha". Mkalishe kiti cha abiria, endesha wewe mpaka Kibaigwa, kila mkikuta lori aseme "sasa" pale ambapo angepita. Utajua mwenyewe.

Wengi wanakosea kwa kulibana lori kwa nyuma. Hawaoni mbele, wanachungulia nusu gari. Arudi nyuma ndipo aone. Akishapita, asirudi kushoto mpaka alione lori lote kwenye kioo cha ndani.

Tairi_Baridi: Umemaliza mkuu. Mimi naongeza bega la barabara. Tairi za kushoto zikitoka kwenye lami, mgeni anakata usukani kulia kwa nguvu. Tairi inang'ang'ania ukingo, kisha inapanda ghafla na gari linavuka upande wa pili au linabiringika. Aachie mafuta, ashike usukani unyooke, asikanyage breki kwa pupa, mwendo ukishuka ndipo arudi taratibu. Mfundishe kwa maneno haya haya, maana vyuo vingi vya udereva vinaishia kwenye koni.

Upepo wa tairi ujazwe zikiwa baridi, kipimo kipo kwenye stika ya mlango wa dereva. Kwenye mteremko mrefu azime O/D (kitufe cha gia ya juu kabisa) au aweke gia kwenye 2, asining'inie kwenye breki.

Nkuhungu_Juu: Asanteni sana. Na lori likiwasha indiketa ya kushoto si ndiyo ruhusa ya kupita?

SemiLaKati: Huo ni ustaarabu wa madereva, si ruhusa. Pengine anataka kusimama. Macho yako ndiyo yaamue.

Ihumwa_Stendi: Aanze Chamwino, Jumapili asubuhi, nawe pembeni. Halafu Kibaigwa siku ya soko, malori ya mahindi yanaingia na kutoka bila kukungoja. Halafu Gairo kwenda na kurudi. Safari yenyewe atoke saa tatu, maana mapema zaidi jua la mashariki linampiga usoni. Saa kumi na mbili jioni awe ameshafika: ng'ombe wanavuka kurudi nyumbani na baiskeli hazina taa.

Tairi_Baridi: Na kwenye vijiji 50 ni 50, hata kama basi nyuma linampigia honi.