Naomba ushauri: je, niichapishe tashtiti (kejeli ya kufichua maovu) niliyoandika kumhusu mkuu wangu wa kazi?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, nimeandika hadithi ya tashtiti kuhusu mkuu wa idara anayejilipa posho za safari ambazo hakuzifanya, huku akiwahimiza walio chini yake wabane matumizi. Jina sikulitaja, lakini wenzangu wote watamtambua. Silali. Je, tashtiti huirekebisha jamii, au humponza mwandishi tu?

Mwalimu Mstaafu: Mchoraji Honoré Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa kama jitu linalomeza mali ya raia wake, na mwaka 1832 akafungwa gerezani. Watawala huichukia tashtiti kwa sababu watu wakishamcheka wanayemwogopa, hofu ile hairudishwi kwa amri.

Bibi Kalamu: Niliwahi kutunga shairi la kumkemea jirani mchoyo. Alilisifu sana mbele yangu, akidhani nimemsema mwingine, na uchoyo wake ukabaki palepale. Lakini hebu tueleze: kama hukumtaja, watamtambuaje?

Mleta mada: Kwa kigugumizi. Mhusika wangu anagugumia kama yeye. Nielewe, dada: bila hicho wasomaji hawatacheka, na isitoshe yeye ndiye aliyeanza kutudharau. Hadithi yenyewe nilikwisha kuipeleka kwa mhariri juzi.

Msema Kweli: Umekosea, ndugu yangu. Kigugumizi hakukichagua, posho za uongo alizichagua. Kesho mtoto mwenye kigugumizi akiisoma hadithi hiyo, atajua kwamba anayechekwa ni yeye, na mwizi atakuwa amepona.

Mpita Njia: Nashuku kisa hiki kimetungwa. Mtu asiyelala kwa hofu hupelekaje hadithi kwa mhariri kwanza, kisha ndipo aje kuomba ushauri?

Mwalimu Mstaafu: Hata kama kimetungwa, swali linabaki. Mwaka 1729 mwandishi wa tashtiti Jonathan Swift alitoa, bila kuweka jina lake, pendekezo kwamba maskini wa Ayalandi wawauze watoto wao wachanga waliwe na matajiri. Pendekezo lilikuwa la kubuni, umaskini ulikuwa wa kweli, na waliochomwa ni wale waliozoea kuwapigia maskini hesabu kama mifugo.

Mleta mada: Sikutunga. Hofu ndiyo iliyonifanya niipeleke haraka, kabla sijaghairi. Leo nimemwomba mhariri anirudishie. Nimeondoa kigugumizi chote, na katika kurasa sita zimebaki mbili, zote za posho. Hizo nitazipeleka.