Mtoto wa P4 hanywi uji wa saa nne sababu ya Kwaresima, nimwache ama nimkataze?

mama_pacha_busia

Tumsifu Yesu Kristo jamani. Naomba mnishauri maana hapa nyumbani tumegawanyika. Kijana wangu ana miaka 9, yuko P4, yaani darasa la nne, shule ya parokia huku upande wetu wa Busia, Uganda. Tangu Jumatano ya Majivu hagusi uji wa saa nne. Mwalimu wao wa dini alibandika karatasi ya manila ukutani, kila mtoto jina lake na kile alichoahidi kumtolea Yesu, mmoja kaandika sitatukana, mwingine pipi, wangu akaandika UJI kwa herufi kubwa, na kila siku ukitimiza unachorewa nyota kwa kalamu nyekundu. Sasa huyu mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na chai ya rangi na kipande cha muhogo, na ndiyo basi mpaka posho (ugali) na maharage ya saa saba.

Ijumaa iliyopita walikuwa na Njia ya Msalaba kabla ya chakula, wanazunguka uwanja, vituo vimepigiliwa kwenye miembe, piga magoti simama piga magoti simama, na jua la mwezi wa tatu mnalijua. Kufika kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba, mtoto akaanguka. Wakamlaza kivulini wakampa maji ya sukari. Mimi kufika nikamkuta kaegemea mti, magoti yote vumbi, midomo imekauka mpaka imekuwa nyeupe, na neno la kwanza aliloniambia ni "mama, mwambie mwalimu asifute nyota yangu."

Hilo ndilo limenikosesha usingizi. Baba yake anasema mkataze leo leo. Mama mkwe anasema mtoto akimpenda Mungu usimzibie njia. Mimi moyo wangu uko huku na huku, naona fahari na naogopa. Kanisa linasemaje kuhusu watoto?

mzee_wa_jumuiya

Milele amina mama. Pole kwa mtoto. Lakini mimi nakuomba usiharakishe kumkataza. Sisi tulikua tunaona wazazi wanafunga na sisi tukiwa wadogo tunafuata, hakuna aliyekufa, na imani ile ndiyo imetubeba mpaka leo. Watoto wa siku hizi wanataka chipsi na simu, huyu wako anatoa uji wake kwa ajili ya Yesu halafu tumwambie acha? Hii ni nchi ya mashahidi waliokufa kwa ajili ya imani. Mtakatifu Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu alipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, hakuna aliyemwambia wewe bado mdogo. Mpe chai nzito asubuhi, ongeza muhogo, mwache aendelee na ahadi yake.

katekista_tororo

Mzee wangu nakuheshimu sana ila hapo kwa Kizito tuangalie vizuri. Kwanza sheria yenyewe, maana watu wengi wanaichanganya. Kanuni 1252 ya Sheria za Kanisa inasema kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunamhusu mtu mzima wa miaka 18 mpaka anapoanza mwaka wake wa 60. Na siku za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na hata siku hizo huyo mtu mzima anaruhusiwa mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. Sasa mtu mzima anafunga siku mbili na anakula kidogo asubuhi, mtoto wa miaka 9 anafunga wiki nzima jua kali?? Jamani.

Lakini kanuni hiyo hiyo haiwaachi watoto hivi hivi. Inawaagiza mapadri na wazazi wahakikishe hata wale ambao umri haujawabana wanalelewa katika maana ya kweli ya toba. Kwa hiyo mama jibu siyo mkataze na siyo mwache, ni kaa naye.

Na Kizito, wazee wetu wanasimulia kwamba alipoogopa, Karoli Lwanga, shahidi mwenzake aliyemzidi umri, alimwambia atamshika mkono waende pamoja. Hakuachwa peke yake na ahadi ukutani. Kulikuwa na mkubwa pembeni yake anayejua njia.

Swali langu moja mama: huo uji ambao hanywi unaenda wapi? Ulishamuuliza? Maana Yesu kwenye Mathayo 6 alitaja sadaka, sala na kufunga kwa pamoja, na Isaya 58 nabii anasema funga anayoitaka Bwana ni kuwagawia wenye njaa chakula chako. Kile ambacho hukula kinatakiwa kifike kwenye tumbo la mtu.

hajat_malaba

Mniruhusu na mimi Mwislamu niseme kidogo, wangu wawili wanasoma shule ya Wakatoliki huku na tunaishi vizuri. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimeanza karibu siku moja kwa hiyo nyumba nyingi za mchanganyiko zinafunga zote. Kwetu mtoto ambaye hajabaleghe saumu haijamlazimu. Tunamfundisha pole pole, leo mpaka saa nne, kesho mpaka adhuhuri, akichoka anakula na hakuna anayemcheka. Wangu wa P3 alitaka kufunga siku nzima afanane na kaka yake nikamwambia wewe funga mdomo usigombane na mtu mpaka jioni, na hiyo ilimshinda kabla ya saa tano asubuhi. Pole sana mama pacha, mtoto ana moyo mzuri, muombee afya.

mwalimu_wa_p5

Mama pacha mimi ni mwalimu, shule nyingine siyo hiyo, na ile manila naijua maana mwaka juzi na mimi niliibandika. Nia ilikuwa njema kabisa, mtoto wa P4 ukimwambia toba haelewi, ukimchorea nyota anaelewa. Lakini wiki ya pili nikaona binti mmoja hana nyota hata moja na haandiki kitu. Nikamwita nje. Akaniambia mwalimu, mimi nyumbani hatunywi chai, hatuna pipi, nyama tunakula Krismasi, nitoe nini? Sikuwa na jibu. Nilirudi darasani nikaibandua ile karatasi na sikuirudisha tena. Yesu mwenyewe kasema ukifunga jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue, na mimi nilikuwa nawachorea watoto wajulikane.

Sasa tunafanya hivi. Kuna ndoo moja darasani yenye kifuniko. Mtoto akipata kiganja cha maharage au mahindi nyumbani anakitia, asiye nacho anabeba maji au anafagia kwa bibi mmoja mzee jirani na shule, na hakuna anayeandika nani kaleta nini. Ijumaa ya mwisho kabla ya Matawi tunabeba ile ndoo tunaenda kwa yule bibi pamoja tunasali naye fungu moja la rozari. Watoto wanakumbuka hiyo safari kuliko kipindi chochote nilichofundisha mwaka mzima, na yule binti ndiye anayeshika kifuniko.

Ongea na mwalimu wake kwa upole. Wengi tunaanza hivyo hivyo kwa kupenda.

mama_pacha_busia

Nimerudi, samahani kwa kukawia. Lile swali la katekista lilinikaa kichwani, Jumatatu nikaenda shuleni saa nne kamili nikapitia jikoni moja kwa moja. Banange. Mpishi anapima uji kwa majina, kila aliyelipiwa kikombe chake. Wale wa manila wanachukua vikombe vyao vimejaa, wanapita navyo, wanamwaga kwenye ndoo ya nguruwe wa shule. Niliiona ile ndoo kwa macho yangu, uji wa mahindi mzito, ngozi imeanza kushika juu. Na hatua chache tu pale kwenye bomba wamesimama watoto ambao hela ya uji haijalipwa, wananawa mikono na hawana chochote cha kula, nadhani ni kupitisha muda tu.

Jioni nikamuuliza kijana wangu, wale wa bombani unawajua? Akasema ndiyo, mmoja anakaa naye benchi moja. Kwa nini hukumpa? Akanyamaza, halafu akasema "mwalimu alisema tumtolee Yesu, hakusema tumpe mtu." Nilimshika tu nikamkumbatia, sikuweza kumgombeza maana na mimi sikuwahi kumfundisha tofauti.

Nimeongea na mwalimu, hakukasirika, alikaa kimya kisha akaniuliza kama wazazi wengine watakubali. Karatasi bado iko ukutani kwa sasa ila nyota zimesimama. Kijana wangu anakunywa nusu kikombe na nusu anampa yule wa benchi, na baba yake ameona ni sawa. Mama mkwe bado amenuna kidogo.

Kesho Ijumaa Njia ya Msalaba wameisogeza saa tatu asubuhi, nitaenda. Kuna kitu kimoja kinanishinda, anataka kwenda kuungama kwamba alimwaga chakula. Je, nimpeleke?

katekista_tororo

Mpeleke, kama moyo unamsukuma usimzuie, lakini mwambie kabla hajaingia kwamba hakujua na Mungu anajua hivyo, asiingie akitetemeka. Umsindikize mpaka mlangoni umsubiri nje. Na kesho abebe maji ya kunywa na kofia.

mzee_wa_jumuiya

Mama pacha nimesoma hiyo ya ndoo nimekosa neno. Jumapili nitaongea na jumuiya yetu, hela ya uji ya watoto wawili watatu hatushindwi. Niulizie kwa mpishi ni kiasi gani kwa muhula.