Wazazi Kent na Renton, jimbo la Washington, Marekani: hizo krediti 24

Mama Zawadi: Habari za jioni wazazi. Kijana wa darasa la 9 kaleta fomu ya kuchagua masomo ya mwakani. Imeandikwa krediti 24 za kuhitimu, na yeye ana masomo 6 tu. Hizo 24 zinatoka wapi?

Baba Amani: Nzuri mama. Somo moja kwa muhula mmoja ni nusu krediti. Vipindi 6 kwa mihula 2 ni krediti 6 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 4 ya sekondari, unapata 24.

Baba Amani: Yaani shule ya vipindi 6 haina akiba hata ya nusu. F moja tu, yaani kufeli somo moja, mtoto yuko nyuma.

Mwalimu Furaha: Na hapo ndipo wengi wanapokuja kushtuka. Alama ya D inatoa krediti, F haitoi kitu. F ya darasa la 9 hukaa kimya miaka mitatu, halafu inaibuka darasa la 12 wakati joho la mahafali limeshalipiwa.

Mgao wa jimbo la Washington ni huu: Kiingereza 4, hesabu 3, sayansi 3 (mbili ziwe na maabara), maarifa ya jamii 3, sanaa 2, afya na mazoezi 2, ufundi na kazi 1, lugha ya kigeni 2, ya kuchagua mwenyewe 4.

Mama Zawadi: Asante mwalimu. Kwenye lugha wamemwekea Kihispania. Si vibaya, ila Kiswahili anakiongea mchana kutwa humu ndani 😄

Mwalimu Furaha: Sasa mama, hapo una krediti zimelala sebuleni. Jimbo linaruhusu mtoto apimwe lugha anayoijua na apewe krediti bila kukaa darasani. Kiswahili kimo. Mtihani unaotumika sana unaitwa STAMP, na kwa Kiswahili wanapima kuandika na kuzungumza.

Kaka Bahati: Anapewa ngapi?

Mwalimu Furaha: Inategemea kiwango. Kiwango cha 2 krediti 1, cha 3 krediti 2, cha 4 krediti 3, cha 5 krediti 4. Nne ndiyo mwisho. Lakini angalieni: krediti zinafuata alama ya chini. Akizungumza kiwango cha 6 na kuandika kiwango cha 3, anapewa 2, si 4.

Baba Amani: Na watoto wetu ndivyo walivyo. Mdomo upo, kalamu haipo.

Mama Zawadi: Wa kwangu anaandika "nataka kwenda kwa shop ku-buy". Huyo atapata nini 🙈

Mwalimu Furaha: Tatizo kubwa si hayo maneno ya Kiingereza peke yake, ni ufupi. Mtoto akiulizwa kuhusu wikendi anaandika: "Ninaenda soko. Ninanunua nyanya. Ninarudi." Hakuna kosa kubwa, ila ni vipande vipande, na vipande havimfikishi kiwango cha 5. Angeandika hivi: "Jumamosi huwa naenda sokoni na mama kwa sababu nyanya za pale ni bei nafuu, lakini tukichelewa tunakuta zimeisha, basi tunapitia duka la jirani." Msamiati ni uleule. Kilichoongezeka ni kwa sababu, lakini, tukichelewa, basi.

Mazoezi ya wiki tatu yanaweza kumtosha anayeongea nyumbani. Kila siku aya moja, aichape kwenye kompyuta maana ndivyo mtihani ulivyo, na azime ile programu ya kusahihisha Kiingereza. Bila hivyo "nilikuwa" inageuzwa madudu. Kwa kuzungumza, ajirekodi kwa simu dakika moja bila kusema "like" 😅

Kaka Bahati: Na sisi wa Kivu? Watoto wanasema "batoto", "minaenda". Wanaona aibu, wanadhani Kiswahili chao si cha kweli.

Mwalimu Furaha: Aseme anavyosema nyumbani, Bahati, na aseme kwa kirefu. Akianza kutafuta Kiswahili cha redioni atatoa sentensi mbili na kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kutakakomwangusha. Muda ukiruhusu mzoesheni "watoto" na "ninaenda" kwenye kuandika.

Mama Zawadi: Kwa hiyo akipata 4, Kihispania basi?

Baba Amani: Mbili zinafunga lugha, mbili zinaingia kwenye za kuchagua. Nafasi bado ni 24 ila mahitaji yamebaki 20. Ndiyo akiba yenyewe hiyo. Kama anakipenda Kihispania aendelee tu, hamna anayemkataza. Na akifika kiwango cha 5, Kiingereza nacho kikiwa kimekamilika, anahitimu na muhuri wa lugha mbili (Seal of Biliteracy).

Da Rehema: Krediti hizi kwa kawaida huandikwa P, yaani amefaulu, haziongezi wala kupunguza wastani wa alama. Anayetaka chuo nje ya jimbo aulize chuo chenyewe kama kinazikubali.

Kaka Bahati: Kuna kijana kafika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ana miaka 18, hana karatasi hata moja ya shule. Shule si itamkataa?

Mwalimu Furaha: Haiwezi. Hapa Washington haki ya kusoma ipo hadi miaka 21. Kwa huyo mtihani wa Kiswahili uwe wa kwanza kabisa, mwezi huohuo. Anaweza kuingia na hadi 4 mkononi badala ya sifuri. Baadaye anaweza pia kuomba kusamehewa hadi krediti 2 kwa sababu ya hali yake, ila haziwi za Kiingereza, hesabu na masomo mengine ya msingi.

Mjomba Hamisi: Na hii Running Start? Nasikia mtoto wa sekondari anasoma chuo bure.

Da Rehema: Darasa la 11 na 12, mjomba. Huku kwetu wengi huenda vyuo vya Highline au Green River. Ada ya masomo halipi, ila vitabu, nauli na ada ndogondogo ni juu yenu. Wenye kipato cha chini waombe msamaha wa ada na kuazima vitabu, na waombe mapema. Somo la chuo la krediti 5 ni krediti 1 nzima ya sekondari, tena kwa robo moja ya mwaka badala ya mwaka mzima.

Yanayoharibika ni haya. Mtoto anachagua saikolojia akidhani inaziba historia ya Marekani, kumbe haizibi. Kila robo kuna fomu ya kusainiwa na kaunsela wa sekondari, na hapo ndipo pa kumuuliza "hili somo linaziba shimo lipi?" ENGL& 101, somo la chuo la kuandika Kiingereza, inaziba Kiingereza, hiyo haina utata.

La pili, F ya chuo inabaki kwenye rekodi ya chuo, na mzazi huoneshwi alama mpaka mtoto asaini ruhusa. Kule hakuna mwalimu wa kukupigia simu.

Mjomba Hamisi: Basi wangu bado. Kuamka tu ni vita.

Baba Amani: Mpeleke ufundi. Puget Sound Skills Center pale Burien, nusu siku, bure, krediti hadi 3 kwa mwaka. Magari, uuguzi msaidizi na mengine. Uliza mapema habari ya basi, maana kipindi cha nne shuleni hakimsubiri.

Mjomba Hamisi: Anacheza mpira.

Baba Amani: Basi jua kwamba kwenye shule ya vipindi 6 lazima afaulu 5 ndiyo aruhusiwe kucheza. Na cheti cha daktari hudumu miezi 24, kisiishe katikati ya msimu.

Mama Zawadi: Huo mtihani wa Kiswahili naombaje? Kiingereza changu cha kuvunjavunja.

Mwalimu Furaha: Piga ofisi ya shule, sema "Swahili interpreter please", usubiri kwenye laini. Mkalimani ni haki yako na hulipii. Usimtumie mtoto kutafsiri, atakuambia anachotaka yeye 😂 Mwambie kaunsela mambo matatu: unataka krediti za lugha kwa kupimwa, lugha ni Kiswahili, na tarehe ya mtihani ni lini. Wilaya nyingi hupima kwa tarehe maalumu, zikipita unangoja. Uliza pia nani analipa.

Mama Zawadi: Fomu inarudi Ijumaa.

Mwalimu Furaha: Mwache Kihispania kwenye fomu kwa sasa. Majibu yakitoka ndipo mnabadilisha.

Mama Zawadi: Sawa mwalimu. Leo anaandika aya ya nyanya.