Ufukwe wa kokoto Japani, kimya na mbali na watu, bila gari inawezekana?

KiguuNaNjia

Wakuu salama? Niko Tokyo kikazi, mwezi wa kumi napata mapumziko kidogo na kwa kweli Kyoto sitaki, zile foleni za kupiga picha zimeshanichosha. Ninachotafuta ni ufukwe wa mawe sio mchanga, zile kokoto zilizosuguliwa na maji mpaka zinateleza mkononi, halafu pawe kimya, nikae nisikilize bahari bila spika ya mtu pembeni. Mfanyakazi mwenzangu mmoja kaniambia upande wa Toyama upo mmoja na treni inafika karibu kabisa, mwingine anasema hapana nenda Kumano huko kusini, yaani kila mtu anavutia kwake. Gari siendeshi. Sasa kwa mtu wa treni kama mimi upi unafaa? Kuogelea je? Na nikiokota vijiwe viwili vitatu vya ukumbusho ni kosa? Maana huku kila kitu kina utaratibu wake, sitaki kufikishwa polisi kwa ajili ya jiwe.

MzeeWaReli

Mkuu, huo wa Toyama lazima ni ufukwe wa Miyazaki na Sakai, uko mji mdogo wa Asahi, mpakani kabisa na Niigata. Wenyewe wanauita Hisui Kaigan, una urefu wa kama kilomita 4 na wote ni kokoto. Stesheni inaitwa Etchu-Miyazaki, ukishuka tu unavuka barabara uko kwenye mawe, sijui ufukwe mwingine wa namna hiyo ambao treni inakufikisha hivyo.

Kufika sasa. Panda Shinkansen (treni ya mwendo kasi) ya Hokuriku kutoka Tokyo, lakini ANGALIA usipande Kagayaki maana hiyo inapita Itoigawa kama haipaoni, wewe panda Hakutaka ushuke Itoigawa, ni masaa mawili na kitu. Pale unabadilisha unaingia treni ndogo ya pwani kuelekea Tomari, inapita Oyashirazu ambako milima imeangukia baharini moja kwa moja (kaa upande wa bahari, japo mahandaki ni mengi utaona kidogo kidogo), halafu Ichiburi, halafu Etchu-Miyazaki. Hii reli ya pwani zamani ilikuwa ya JR, yale makampuni makubwa ya reli ya Japani, ila Shinkansen ilipofunguliwa mpaka Kanazawa mwaka 2015 ikakabidhiwa kampuni za mikoa, kwa hiyo kama una pasi ya JR kipande hicho haikusaidii, unalipa mfukoni. Na zikiwa kampuni mbili tofauti mambo ya kugusisha kadi usiyategemee sana, kata tiketi ya karatasi ukiwa Itoigawa na uwe na yeni taslimu.

Ratiba ndio roho ya safari yenyewe. Treni ni kama moja kwa saa na kuna saa pengo linakuwa kubwa zaidi, ukiikosa unakaa. Piga picha ratiba ya kurudi kabla hujasogelea maji. Mwezi wa kumi jua linazama kama saa kumi na moja na ushee jioni, na baada ya hapo giza linakuja haraka na baridi yake.

dada_mawimbi

Mzee umesema yote ya treni ila la kuogelea umeliruka, ngoja niliseme mimi kwa sababu ndio linaloua watu.

Ndugu, ufukwe wa kokoto sio kama wa mchanga. Mawe hayakai tambarare, mawimbi yanayarundika yanakuwa ngazi, na chini ya ile ngazi maji yanakuwa na kina ghafla. Unapiga hatua tatu goti halionekani, hatua ya nne huna chini, na ukitaka kupanda mawe yanaporomoka chini ya mguu unarudishwa ulikotoka. Ghuba ya Toyama yenyewe ina kina cha zaidi ya mita 1000 na kina hicho kinaanza karibu na pwani, sio mbali huko. Pale Miyazaki watu huoga wakati wa kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, kukiwa na utaratibu wake. Mwezi wa kumi mimi nisingeingia zaidi ya vifundo vya miguu.

Halafu kuna kitu cha ajabu cha ghuba hiyo. Kuna mawimbi yanaitwa yorimawari-nami, yanazaliwa na dhoruba mbali huko karibu na Hokkaido, yanasafiri mpaka yanaingia ghuba ya Toyama wakati kwenyewe upepo umetulia na watu wanafikiri hali ni shwari. Februari 2008 yalipiga pwani ya Nyuzen, jirani tu na Asahi, yakaleta maafa. Ni mambo ya baridi zaidi kuanzia mwezi wa kumi na moja kwenda mbele lakini tabia ya kuangalia taarifa ya mawimbi ianze sasa, usiangalie mvua tu. Mawe yakiwa yamelowa mpaka juu pale unapotaka kukaa, basi bahari imefika hapo leo, kaa juu zaidi.

Na tetemeko. Tarehe 1 Januari 2024 rasi ya Noto, jirani na Toyama, ilipotikisika, kipimo 7.6, tsunami ilifika pwani ya Toyama ndani ya dakika chache tu. Chache kweli, usisubiri ving'ora. Ukihisi ardhi inatikisika kwa nguvu au inatikisika muda mrefu, acha begi acha viatu panda juu. Ukifika tu angalia kibao cha kijani kinachoonyesha pa kukimbilia. Ukiona mtu anapeperusha bendera ya miraba myekundu na myeupe ufukweni maana yake ni tsunami, hiyo imewekwa tangu 2020 kwa ajili ya wasiosikia na walio majini. Walinzi wa pwani wanapigiwa 118.

Sikutishi, nenda. Pazuri.

Kokotoo

La mawe niachieni mimi 😄

Jina la ufukwe linatokana na hisui, lile jiwe la kijani ambalo Wachina wanachongea bangili. Yanatoka milimani upande wa Itoigawa, mto Himekawa unayabeba mpaka baharini, bahari nayo inayasukuma kwenye fukwe za jirani mpaka huko Asahi. Watu wa enzi za Jomon waliyachonga maelfu ya miaka iliyopita, halafu habari ikapotea kabisa, wataalamu wakawa wanadhani mapambo ya kale ya Japani yametoka nje, mpaka mwaka 1938 yalipogunduliwa tena kwenye mto Kotaki. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa madini cha Japani kikalichagua kuwa jiwe la taifa.

Sasa usiende unatafuta kijani! Mgeni akiokota jiwe la kijani kibichi mara nyingi ni takataka nyingine tu. Hisui ya ufukweni nyingi ni nyeupe au ya kijivujivu, pengine ina doa la kijani kwa mbali. Dalili ni uzito, ukiishika unashangaa jiwe dogo hivi mbona zito, maana ni kama mara 3.3 ya maji wakati kwatzi ni 2.65. Na umbo, kwa kuwa ni gumu mno kuvunjika halijasuguliwa likawa yai kama wenzake, lina pembepembe lakini uso laini. Utakutana na wazee wamevaa buti za mpira wana fimbo ndefu yenye kijiko mwishoni, wanatembea pale mawimbi yanapogusa, hao wanajua. Wasalimie, wengine wanaonyesha walichopata. Asubuhi baada ya bahari kuchafuka ndio wanajaa kwa sababu mawe mapya yamepanda.

Kuhusu sheria, hapo Hisui Kaigan kuokota vijiwe vichache kwa mkono kwa ajili yako mwenyewe inavumiliwa, ukija na sululu na gunia ni habari nyingine. LAKINI kule mtoni Kotaki ni marufuku kabisa, ni urithi wa asili unaolindwa na serikali, hata kimoja usiguse. Itoigawa kuna makumbusho ya Fossa Magna, yana mawe mazuri mno na wana utaratibu wa kukuangalizia ulichookota, uliza kwanza kama siku hiyo mtaalamu yupo.

Pwani_kwa_Pwani

Mimi naomba nipinge kidogo. Aliyeuliza anataka KIMYA na MBALI. Hapo Miyazaki nyuma yako kuna reli, kuna barabara kuu namba 8 na malori yake, na zile zege za miguu minne za kuzuia mawimbi zimepangwa pwani nyingi za huko. Ni pazuri sibishi ila mbali sio.

Kumano kunaitwa Shichiri Mihama, karibu kilomita 22 za kokoto mfululizo kutoka mji wa Kumano mpaka Kiho, ndio mrefu kuliko zote za kokoto Japani. Ni sehemu ya njia ya mahujaji ya Kumano Kodo, imo urithi wa dunia tangu 2004, watu wa kale walikuwa wanatembea juu ya mawe yale yale na mito inayoingia baharini ilikuwa hatari kwao. Unatembea kidogo tu umebaki peke yako, misonobari upande mmoja, Pasifiki upande wa pili. Karibu kuna Hana no Iwaya, hekalu lisilo na jengo kuu, kinachoheshimiwa ni mwamba wenyewe wenye urefu wa kama mita 45. Kutoka Nagoya unapanda treni ya Nanki mpaka Kumanoshi, kama masaa matatu, pasi ya JR inafanya kazi ila kuna kipande cha reli ya Ise unaongeza hela kidogo. Kuogelea hapana kabisa, maji yana nguvu. Na ni hifadhi ya taifa ya Yoshino-Kumano kwa hiyo mawe yaache yalivyo.

Mbali kweli kweli ni Honohoshi, kisiwa cha Amami Oshima. Mawe makubwa ya mviringo kama mikate, na wimbi likirudi baharini yanagongana yote kwa pamoja, mlio huo hauusikii pengine. Wenyeji hawapendi mtu aondoke na jiwe hata moja. Tatizo uwanja wa ndege uko kaskazini na ufukwe uko kusini kabisa, bila gari ni mateso, mwezi wa kumi pia vimbunga havijaisha.

MzeeWaReli

Pwani, barabara ya 42 si inapita sambamba na Mihama yako yote? 😂 Malori yapo kote. Tofauti ni kwamba ufukwe wa kokoto mawimbi yakipiga unasahau lori, sauti ya mawe inafunika. Mtu ana siku chache, anaishi Tokyo, Miyazaki anakwenda na kurudi siku moja akitaka.

KiguuNaNjia

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Naanza na Miyazaki siku ya katikati ya wiki, Kumano nitaipangia likizo ndefu. Begi kubwa niliache wapi, na pale ufukweni kuna cha kula? Viatu gani?

dada_mawimbi

Begi acha kwenye makabati ya sarafu stesheni ya Itoigawa. Viatu vya kufunika vyenye soli ngumu, ndala zitakutegua mguu, na ukae juu ya kitu maana mawe ya mwezi wa kumi yana baridi. Chakula nunua konbini (yale maduka madogo ya kila kitu) hapo hapo Itoigawa kabla ya kubadilisha treni. Ila ukiwa na njaa ya kweli, kando ya ile barabara namba 8 kuna vibanda vya tarajiru, supu ya samaki wa tara na miso wanaileta na sufuria lake, fika mchana mapema. Taka zako unarudi nazo, mapipa hakuna. Na mwewe! Wakiona unakula mkate peke yako wanashuka kwa nyuma wanaunyakua, geuza mgongo kwenye ukuta.