Tupeane uzoefu: ovalei za gemu na vipimo vya PC, mnawasha ipi na mnazima zipi?

Mwana Uyole

Wakuu wa nyanda za juu kusini, poleni na baridi. Nafungua uzi huu kwa sababu PC nyingi zinazoletwa kwa mafundi na malalamiko ya "gemu inakwama" hazina ugonjwa wowote. Unakuta Steam imewasha ovalei yake (dirisha au maandishi yanayochorwa juu ya gemu), Discord yake, draiva ya kadi ya picha yake, Game Bar ya Windows nayo ipo, halafu juu yao Afterburner, programu ya kuonyesha vipimo. Matangazo matano juu ya ukuta mmoja.

Ovalei nyingi za aina hiyo hujipenyeza pale gemu inapokabidhi fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana) iliyokamilika ili ipelekwe kwenye skrini, zichore vitu vyao, kisha ziiachie ipite. Moja huisikii. Zikiwa tatu au nne zinapangiana foleni mlango mmoja, na hapo ndipo gemu inafunguka skrini nyeusi, inajifunga yenyewe, au inashtuka kila baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo zima zote kwanza, ucheze dakika 15, kisha rudisha moja moja. Karibuni na setingi zenu. Mtu aeleze hatua, asituambie tu "yangu iko poa".

Fundi wa Mwanjelwa

Ndaga mkuu kwa kuanzisha. Naanza na mahali pa kuzimia, maana wengi hawapajui.

Steam: fungua setingi, ingia "In Game", zima ovalei. Ukitaka kuizima kwa gemu moja tu, bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia "Properties", sehemu ya "General", toa tiki. Discord iko kwenye setingi, "Game Overlay". Kadi za NVIDIA, Alt+Z inafungua ovalei na Alt+R inaleta takwimu. Za AMD, Ctrl+Shift+O inawasha na kuzima vipimo. Game Bar ni Windows+G.

Wenye NVIDIA wasikilize hapa. Desemba 2024 iligundulika kwamba programu mpya ya NVIDIA ilikuwa inapunguza fremu kwenye baadhi ya gemu, hadi asilimia 15 hivi, hata kama hutumii kitu. Chanzo kilikuwa vichujio vya picha, na kampuni yenyewe ikashauri vizimwe. Ingia setingi za ovalei, tafuta "Game Filters and Photo Mode", zima, kisha fungua gemu upya. Kama huvitumii, vikae vimezimwa tu.

Kihesa Gemu

Kamwene. Kwa anayetaka vipimo vya kueleweka, bado MSI Afterburner pamoja na RivaTuner, inayochora vipimo juu ya gemu, ndiyo chaguo langu, na inafanya kazi kwenye kadi za kampuni zote. Ni ya bure. Ipakueni MSI au Guru3D peke yake. Tovuti bandia za jina hilo zipo nyingi na zinabeba virusi.

Ukishaiweka, ingia setingi, "Monitoring". Kila kipimo kina tiki yake, lakini tiki hiyo pekee haitoshi. Bofya kipimo, kisha chini weka tiki ya "Show in On-Screen Display". Hapa ndipo watu wanakwama na kusema programu mbovu.

Vipimo vya kutosha: joto la GPU (chipu ya kadi ya picha), matumizi ya GPU, kumbukumbu ya kadi, RAM (kumbukumbu ya mashine), matumizi ya prosesa, FPS (fremu kwa sekunde) na muda wa fremu (muda wa kuandaa fremu moja). Muda wa fremu uweke kama grafu, usiuweke namba. FPS ni wastani, na wastani unaficha mambo. FPS 60 maana yake kila fremu ipate kama milisekunde 16.7. Fremu moja ikichukua 80, jicho lako litaona mshtuko, ila namba itashuka kidogo tu na kurudi. Grafu itasimama kama mwiba. Mstari ulionyooka kwenye 33 ni mzuri kuliko unaorukaruka kati ya 10 na 40, hata kama FPS ya huo wa pili inaonekana kubwa.

Tunduma Road

Naongeza hapo hapo. Juu kwenye ukurasa ule wa "Monitoring" kuna kipindi cha kusoma vipimo, kinakuja kikiwa milisekunde 1000, yaani mara moja kwa sekunde. Watu wanakishusha hadi 100 ili namba "ziende haraka". Kila usomaji ni kazi kwa draiva, na kuna kadi ambazo kusoma umeme unaotumika kunaleta mshtuko kwa mdundo uleule wa usomaji. Ukiona miiba inakuja kila sekunde moja kamili, kama saa ya ukutani, toa tiki kwenye vipimo vya umeme kwanza kabla hujalaumu gemu.

Kihesa Gemu

Kweli kabisa. Na 1000 haiharibu grafu ya fremu, maana hiyo RivaTuner inaihesabu yenyewe kwa kila fremu.

RivaTuner pia inapenda kujichomeka kwenye programu zisizo gemu. Fungua dirisha lake, bofya "Add", chagua faili la programu husika, kisha "Application detection level" iwe "None". Fanya hivyo kwa OBS (ya kurekodi skrini), kwa brauza, kwa kila kinachogombana nayo.

Dada wa Gangilonga

Jamani, na gemu za mashindano? Hapo msishauri Afterburner kwa kila mtu. Counter-Strike 2 inazuia faili za nje zinazojipenyeza ndani yake. Lipo chaguo la kuziruhusu wakati wa kuiwasha, lakini linaweza kushusha hadhi ya akaunti yako, unajikuta unapangwa na watu wa ajabu. Tumia vipimo vya gemu yenyewe. CS2 inavyo kwenye setingi, sehemu ya "Telemetry", na Valorant inavyo kwenye "Video", sehemu ya "Stats".

Na tutofautishe maneno. Tunasema "inalagi" kwa kila kitu. Grafu ya fremu ikiwa imenyooka ila adui anaruka kutoka hapa hadi pale, huo ni mtandao, angalia ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi). Grafu ikiwa na miiba, huo ni mzigo wa mashine. Bando jipya haliwezi kutibu la pili.

Mdau wa Njombe

Swali dogo: GPU inaonyesha asilimia 60, prosesa 35, lakini FPS haipandi. Nani mvivu hapo?

Fundi wa Mwanjelwa

Kwanza hakikisha hujaweka kikomo cha fremu wala "VSync" (inayofunga fremu zifuate mwendo wa skrini), maana vikiwepo GPU hupumzika kihalali. Kama havipo, hiyo 35 inakudanganya. Ni wastani wa nyuzi zote za prosesa (threads, yaani njia zake za kufanyia kazi). Kwenye prosesa ya nyuzi 8, uzi mmoja unaweza kuwa umejaa huku jumla ikisoma 30. Washa vipimo vya kila uzi, CPU1 hadi CPU8. Mmoja ukigonga 95 na kuendelea, prosesa ndiyo inayoichelewesha kadi.

Zile PC za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex zilizotiwa kadi ya GTX 1050 Ti au 1650, angalia pia RAM. Nyingi zinauzwa na kijiti kimoja cha GB 8. Ukiona imefika 7.5, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka, miiba haikosekani. Vijiti viwili vinavyofanana vinaongeza nafasi na pia vinafungua njia mbili za kumbukumbu.

Mwana Uyole

Kuhusu joto, sisi wa huku tunajidanganya. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa karibu asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inabeba joto pungufu kuliko ya pwani. Kinachotuokoa ni baridi. Julai chumba kikiwa nyuzi 15 na kadi inasoma 70, tofauti ni 55. Oktoba chumba kikifika 28, mzigo uleule unaisogeza kadi kwenye 83, na kadi nyingi za NVIDIA huanza kupunguza kasi karibu na hapo. Feni itaongeza mbio na kupunguza kidogo, lakini vumbi la kiangazi nalo litakuwa limeshakaa kwenye mapezi ya kupozea. Kwa hiyo ukipima Julai, andika na joto la chumba.

Dalili ya kadi kujipunguza: joto limeganda kwenye namba moja, huku kasi ya GPU kwa MHz inashuka taratibu.

Tunduma Road

Na mashine inayozima ghafla katikati ya gemu, ovalei haikusaidii, inazima nayo. Weka HWiNFO64 (programu ya kusoma vihisi vya mashine), fungua vihisi peke yake, bonyeza kitufe cha kurekodi, itaandika faili la CSV (jedwali). Mashine ikizima, washa tena, fungua faili, soma mstari wa mwisho. Prosesa ikiwa karibu na 100, anza na kupoza. Joto likiwa 65 na umeme wa kadi ulikuwa umepanda ghafla, kashuku pawasaplai. Vyote vikiwa vya kawaida, na taa ya ukumbini nayo ilicheza, tafuta UPS (betri ya kushikilia umeme ukiyumba).