Makandarasi wadogo wa Mwanza, hizi ada za "ithibati" mnalipia nini hasa?

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu ni wa hasira, anayetaka maneno laini apite. Kuna kampuni na vijichama vimegeuza makandarasi wa daraja la sita na la saba, mafundi umeme, watu wa mabomba na wa aluminiamu kuwa ng'ombe wa kukamuliwa. Kuanzia Igoma hadi Buswelu mchezo ni mmoja: ujumbe wa WhatsApp unaingia, "kampuni yako imeteuliwa", nyuma yake inafuata invoisi. Ukilipa unapewa cheti chenye fremu, nembo ya kubandika kwenye kibao cha saiti, na jina lako linawekwa kwenye orodha ya tovuti yao. Mwaka ukiisha unalipa tena, usipolipa jina linafutwa. Sasa nani alikuja saiti kupima zege lako? Nani alipiga simu kwa mteja wako wa mwaka jana? Hakuna. Kilichothibitishwa ni muamala tu.

Kwanza tusichanganye mambo. CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, si uanachama. Ni bodi iliyoundwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya 1997, na bila usajili wake huruhusiwi kufanya biashara ya ukandarasi. Fundi umeme ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kuna TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara ya halmashauri, OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hivyo vyote lipa hata kama vinauma, havina mjadala. Hawa wajanja wanavizia hapohapo: wanajiita "baraza", wanachora nembo inayofanana na ya serikali, na mkandarasi mgeni anadhani asipolipa atafungiwa. Kipimo chepesi ni malipo yenyewe. Ada ya serikali inakuja na kontrol namba, ile namba maalumu ya malipo ya serikali. Ukitumiwa lipa namba ya duka au namba ya mtu binafsi, huyo ni mfanyabiashara mwenzako, na una haki ya kumwambia hapana.

Hoja yao kubwa ni kwamba nembo inakupa zabuni. Uongo. Ingia NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, fungua zabuni yoyote ya ukarabati wa zahanati au madarasa, soma vigezo vya tathmini kimoja kimoja. Utakuta cheti cha CRB cha aina na daraja husika, leseni hai, uthibitisho wa kodi, hati ya uwakilishi, tamko la dhamana ya zabuni, kazi zilizofanana, wataalamu, mitambo. Nembo ya kununua haina pa kukaa. Na afisa akiichomeka kama kigezo, unapeleka malalamiko kwa afisa masuuli (mkuu) wa taasisi ndani ya muda uliowekwa, usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Kinachowaangusha wadogo wengi ni vitu vya kijinga kabisa. Jina kwa msajili wa makampuni, BRELA, linasomeka "Company Limited", kwenye cheti cha CRB limeandikwa "Enterprises", kwenye TIN lipo kwa kifupi. Au cheti ni cha majengo halafu mtu anaomba kazi ya kalavati. Au ada ya mwaka ya CRB haijalipwa na cheti kimelala. Au barua ya kukamilisha kazi haina tarehe wala thamani ya mkataba, kwa hiyo haihesabiki kama uzoefu. Cheti cha fremu hakirekebishi hata kimoja.

Tupige hesabu. Chukua mfano wa ada ya 500,000 kwa mwaka, na 150,000 ya kujiunga: jumla 650,000. Fensi ya milioni 8 yenye faida ya asilimia 10 inakubakizia 800,000. Toa hiyo ada, unabaki na 150,000 kwa kazi nzima. Ili nembo ijilipe mwaka wa kwanza lazima ikuletee kazi ya milioni 6 na nusu ambayo bila nembo usingeipata. Sisitiza hayo maneno: ambayo usingeipata. Mteja aliyeletwa na jirani yake hahesabiki, hata kama aliona nembo kwenye kibao.

Na msidhani ni ushamba wetu wa Kanda ya Ziwa. Marekani kuna Better Business Bureau, shirika binafsi lenye mizizi tangu 1912, biashara hulipa kila mwaka kupata ithibati yake. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ilionyesha jinsi kampuni hewa iliyopewa jina la Hamas ilivyopata alama ya A- kutoka tawi la Los Angeles baada ya kulipiwa dola 425. Baada ya aibu hiyo shirika likaacha kuwaongezea pointi wanaolipa, na mwaka 2013 tawi lile likafukuzwa. Shirika la miaka mia limetegwa hivyo, sembuse kiofisi cha chumba kimoja chenye printa ya rangi!

Mteja wa Mwanza naye anadanganyika. Anayejenga mlimani, Isamilo au Mabatini, swali lake la kwanza lingekuwa: kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) umetenganisha uchimbaji wa udongo na upasuaji wa mwamba? Ukiona mstari mmoja tu wa uchimbaji, jua ugomvi upo njiani, kwa sababu jiwe likitokea kwenye futi mbili mkandarasi anaomba nyongeza au anapunguza kina cha msingi kimyakimya. Anayejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga aulize utaondolewa kiasi gani na nini kitajazwa, maana udongo ule hufura masika na kupasuka kiangazi, na ukuta hupasuka nao. Nembo haijibu hayo. Mchemraba wa zege wa sentimita 15 kila upande, ukipondwa maabara siku ya 7 na ya 28, unajibu. Ukiwa na karatasi za maabara za kazi tatu, picha za nondo kabla ya zege kumwagwa, na barua za kukamilisha zenye thamani, umejitangaza kuliko tuzo yoyote ya kununua inayogawiwa hotelini.

Na hicho cheti cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, wanachowauzia "moja kwa moja kutoka ISO", acheni. ISO haitoi vyeti. Inaandika viwango, vyeti vinatolewa na makampuni ya ukaguzi, na ukaguzi wa kweli una mtu anayekaa na mafaili yako.

---

#2 Nondo_12:

Mkuu, hasira yako naielewa ila umewaweka wote kapu moja. Fomu za kusajili wazabuni za migodi ya Geita na za mashirika zina kipengele cha uanachama wa vyama vya kitaaluma. Ukikiacha wazi unaonekana mtu wa mtaani. Na kuna Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya CRB, nao una mchango wa wanachama.

---

#3 Mleta uzi:

Kaka Nondo, huo mfuko siupingi, ndio mfano mzuri. Unatoa dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali kwa mkandarasi ambaye benki ingemtaka hati ya nyumba. Hapo unachopata kwa pesa yako kinashikika. Fomu za migodi zisome mpaka mwisho: uzito uko kwenye sera ya usalama, tathmini ya hatari, OSHA, fidia, rekodi za ajali. Chama kinachostahili kuandikwa pale kina mkutano mkuu, wanachama wanapiga kura, hesabu zinakaguliwa, na kinasimama na wewe malipo yakikwama halmashauri. Waulize swali moja: mmewahi kumfuta mwanachama kwa kazi mbovu? Wakikuambia hajawahi kutokea, umeuziwa samaki mdogo furu kwa bei ya sato.

---

#4 MamaKokoto:

Tena wapimeni na hiyo "orodha ya tovuti". Chukua simu isiyo yako, andika "fundi wa kuezeka Mwanza" uone kama orodha yao inatokea hata ukurasa wa tatu. Kuweka biashara yako kwenye ramani ya Google ni bure: jina lilelile la BRELA, namba inayopokelewa, picha za kazi zako, kisha uthibitishe. Mteja akimaliza kulipa mwombe aandike maneno mawili palepale.

---

#5 Kisesa_Kenchi:

Kwa walioshaingia: someni kipengele cha kuhuisha. Mikataba mingi ya hawa watu hujihuisha yenyewe usipotoa taarifa mapema kabla ya tarehe, halafu mnadaiwa mwaka ambao hamkuutaka. Andika barua, ipeleke kwa mkono na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokea, pamoja na barua pepe. Taja tarehe ya kujitoa na omba jina litolewe kwenye orodha. Siku hiyohiyo futa nembo kwenye kibao cha saiti, karatasi za barua, nukuu za bei na mlango wa gari. Nembo ikibaki kwenye kibao, watasema bado unatumia huduma yao na invoisi itakuja.